Kwenda kwa Miguu, na Mwenzi, na Mbwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kusema neno moja juu ya miguu. Nasema na wanafunzi walioko shuleni, nasema pia na sisi tuliotoka zamani, ambao siku ya mkutano wa mwaka matumbo yetu huingia ukumbini kabla ya nyuso zetu.

Hapa kwetu Jinja mtu akionekana njiani asubuhi na mapema, hana mzigo kichwani, hana jembe begani, wala hana haraka ya kazi, watu humwuliza mara moja: "Kwema huko? Kuna msiba?" Na akiwa na mbwa wawili waliofungwa kamba, wengine humdhani polisi anayefuata nyayo za mwizi. Maana kwa desturi yetu safari ya miguu ina sababu yake: maji, kuni, shamba, shule, hospitali, mazishi. Kutembea kwa ajili ya kutembea tu, watu husema, ni mambo ya watalii, au ya mtu aliyepungukiwa na nauli akaona haya kusema. Mwenye fedha kidogo hupanda bodaboda hata kwenda dukani hatua mia mbili. Akashuka, akanunua mkate, akapanda tena.

Mimi naona desturi hii yafaa ibadilike, tena ianzie kwetu tuliosoma. Naona vilevile kwamba matembezi marefu ya kila siku hayadumu kwa mtu aliye peke yake. Yataka mwenzi, na wakipatikana mbwa ni bora zaidi. Walakini mbwa ana haki zake, na wapita njia nao wana haki zao, na hapo ndipo penye maneno.

Nianze na mwenzi. Rafiki yangu nilisoma naye shule hii hii. Yeye ni Mnubi, mimi ni Msoga, na Kiswahili tulichoanza kusemezana bwenini ndicho tunachosema hata leo. Alipostaafu kazi alipatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari akampa dawa, akamwambia apunguze wali, aache soda, na atembee kwa mwendo wa haraka walau nusu saa kila siku. Basi akaanza. Alitembea siku tatu. Siku ya nne mvua ilinyesha. Siku ya tano alikuja mgeni. Siku ya sita hapakuwa na mvua wala mgeni, lakini hakutoka.

Akaja kwangu, akaketi barazani, akawatazama mbwa wangu wawili kwa muda. Halafu akauliza, "Ndugu yangu, hawa hutembea na nani siku hizi?" Mwanangu ndiye aliyekuwa akiwatembeza, naye wiki ile alikuwa amekwenda chuoni. Nikamjibu kwamba sasa hawana mtu. Akasema, "Basi tuko watatu tusio na mtu. Kesho saa kumi na mbili na nusu."

Saa hiyo haikuchaguliwa kwa sababu ya ushujaa. Jua la huku halina mambo mengi, laja karibu wakati ule ule mwaka mzima. Na kabla ya saa hiyo njia ingali giza, na pikipiki nyingine hazina taa.

Sasa liko jambo ambalo nimelijua kwa kulitenda. Mtu akiahidiana na nafsi yake, huisamehe upesi sana. Akiahidiana na rafiki, huona haya kidogo. Lakini hata marafiki wawili waweza kusameheana: huyu atasema mgongo wauma, yule atasema, basi leo tulale. Mbwa hawasamehi. Wakisha kuizoea saa, saa kumi na mbili kamili wako mlangoni. Wanaukwaruza ubao, wanapiga mikia ukutani, wanalia kama watoto walioachwa stendi. Hakuna awezaye kuwaeleza kwamba jana alichelewa kulala kwa sababu ya mpira katika televisheni. Nami nikisha kuamka kwa ajili yao, siwezi kumwacha mwenzangu amesimama njia panda peke yake. Hivyo mbwa wanitoa mimi, na mimi namtoa yeye, na siku nyingine yeye ndiye anitoaye mimi.

Majina yao ni Simba na Shauri-Yako. Jina la pili lilitolewa na mwanangu, kama ilivyo desturi ya watu wengi kumpa mbwa jina la kumsema jirani. Limenitia katika maelezo mengi njiani, kwani si kila mtu apendaye kusikia mzee akipiga kelele nyuma yake, "Shauri yako! Shauri yako!"

Wengi huharibu matembezi mwanzoni. Siku ya kwanza mtu hutaka kwenda mpaka alikozaliwa babu yake. Siku ya pili magoti yamevimba, na hapo ndipo safari imekwisha. Sisi tulianza na maili mbili (wazee bado twahesabu kwa maili; ninyi vijana semeni kilomita tatu na kidogo). Kila wiki mbili tuliongeza nusu maili. Hesabu yake ni rahisi: baada ya miezi minne hivi tulikuwa tumefika maili sita kwa siku, wala hatukusikia kwamba tumeongeza. Jumamosi twaenda mpaka Bujagali na kurudi, yapata maili kumi. Mwenye sukari ana mambo yake ya kuangalia. Rafiki yangu huweka peremende mfukoni, maana dawa nyingine pamoja na mwendo mrefu zaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Na kila jioni huitazama miguu yake, nyayo na katikati ya vidole, kwa kuwa mtu wa sukari aweza kupata kidonda asikisikie. Viatu alinunua vizuri. Fedha zile alizipata kwa kuacha soda, ndivyo asemavyo yeye.

Mbwa nao hawakuzaliwa wakijua maili sita. Mbwa ambaye hajatimiza mwaka asipelekwe mbali, kwani mifupa yake haijakomaa. Tena mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi; hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Kwa hiyo jua likipanda yampasa apewe maji na kivuli, na lami ikiwa ya moto apitishwe majanini. Weka mkono wako juu ya lami. Kama huwezi kuuacha hapo, yeye atawezaje kuikanyaga? Jioni watafutwe kupe masikioni na katikati ya vidole. Ni kazi, sikatai.

Njia yetu ya Jumamosi yaelekea kaskazini, mto ukiwa mkono wa kushoto. Mwanafunzi wa Jinja amesomeshwa habari za Mto Nili hata amechoka nazo, lakini waliozifuata kwa miguu ni wachache. Maporomoko ya Ripon, aliyoyafikia John Hanning Speke mwezi wa Julai 1862, hayaonekani tena tangu kulipojengwa bwawa la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954. Maporomoko ya Bujagali nayo yalifunikwa na maji mwaka 2011, na bwawa lake likafunguliwa mwaka 2012. Umeme twaupata, na mimi ninaandika haya kwa taa yake. Lakini pale palipokuwa na ngurumo sasa maji yamelala, na kijana wa leo hana njia ya kujua kwamba paliwahi kunguruma ila atembee na mtu aliyeisikia. Dirisha la basi halielezi mambo hayo.

Na kwa kuwa nimemtaja Speke, nitamtaja na mwingine, maana hatajwi vya kutosha. Katika msafara ule alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa Uhindi, akarudi Afrika akiwa mtu huru. Alikwenda na Burton na Speke mpaka Ziwa Tanganyika katika safari iliyoanza mwaka 1857. Alikwenda tena na Speke na Grant kuanzia mwaka 1860, hata wakatokea Misri. Alikwenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871. Kisha, kati ya 1873 na 1875, akalivuka bara zima pamoja na Cameron kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi. Mnara wa Speke uko ng'ambo ya mto, upande wa Njeru. Wa Bombay sijauona. Mwanafunzi anayeona haya kuonekana akitembea na amfikirie mtu huyu. Tena hakuna hata safari moja katika hizo ambayo mtu aliifanya peke yake, Mzungu wala Mwafrika, ingawa vitabu vingine vyataka tuamini hivyo.

Wapo watakaosema, "Mzee, lete hoja za sayansi." Haya. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikuwa wakiketi siku nzima. Makondakta walikuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima wakikata tikiti. Walikuwa watu wa hali moja, na mabasi yao ni yale yale. Lakini makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Tangu hapo wataalamu wameandika mengi sana, na siku hizi Shirika la Afya la Dunia lasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Hizo hatua elfu kumi ambazo simu zenu zawahesabia si amri ya daktari yeyote: zilitokana na kipimo cha hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, ambacho jina lake maana yake ni kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilipendeza, ikauza. Mtu asiache kutoka kwa sababu amefikisha elfu sita tu.

Sukari ya rafiki yangu haikupona, wala sitaki mtu adanganyike. Bado anameza dawa zake. Ila vipimo vyake vimeshuka, tumbo limepungua, na usiku analala. Mke wake aliniambia jambo jingine nililoliona kubwa kuliko hayo: tangu aanze kutembea, amerudi kusimulia mambo mezani.

Sasa nije kwa mbwa, ambao ndio watu wananigombeza kwa ajili yao.

Rafiki yangu ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, na kwao mate ya mbwa ni najisi: kilicholambwa huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Mwanzoni watu walimsimamisha njiani. "Haji, hata wewe na mbwa?" Hakukasirika. Aliwaambia kwamba dini haikukataza mbwa wa ulinzi, wala wa kuwinda, wala wa mifugo, na kwamba wale vijana waliolala pangoni, ambao habari zao zimo katika Sura ya Al-Kahf, walikuwa na mbwa wao mlangoni. Basi sisi wawili tukapatana. Mbwa hukaa kushoto kwangu, yeye hutembea kuliani. Yeye hashiki kamba, wala hawapapasi. Bakuli lao la maji limo katika mfuko wangu, halichanganyiki na chupa yake. Yeye hushika fimbo, naye ndiye atazamaye mbele. Miezi mingi imepita, na nguo yake imeoshwa mara saba siku mbili tu, zote mbili kwa ajili ya Shauri-Yako.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu shule yetu ina wanafunzi wa dini zote mbili, nami nimemsikia mtu mzima akisema kuwa kwa sababu hiyo haiwezekani wanafunzi kutembea na mbwa. Yawezekana. Watu waulizane kwanza, kila mmoja apewe nafasi yake njiani.

Jambo gumu ni jingine. Njia si yetu. Karibu na saa moja asubuhi twakutana na watoto wa shule za msingi, wadogo wadogo, wengine wa miaka sita au saba, hawana mzazi pamoja nao, mkono mmoja umeshika kibuyu au chupa ya uji. Hao hawatembei kwa afya. Wanatembea kwa kuwa shule iko mbali, na wamekuwa wakitembea hivyo tangu kabla sisi hatujazindukana na maneno ya madaktari. Na kwa mtoto wa huku kwetu mbwa maana yake ni meno. Akimwona hukimbia, na akikimbia aweza kukimbilia katikati ya barabara, ambako kuna gari. Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni hili: wakionekana watoto, sisi tunasimama. Tunatoka njiani, mbwa wanaketishwa kuelekea majanini, kamba zimekunjwa mkononi, mpaka mtoto wa mwisho apite. Hata wakiwa hamsini. Siku nyingine twapoteza robo saa nzima. Mtu ambaye hana robo saa ya kumpa mtoto asitoke na mbwa.

Tena si hofu ya bure. Mwaka jana, karibu na mashine ya kusaga mahindi, tulikuta watu wamemzunguka mtoto wa kike wa miaka minane hivi. Alikuwa ameumwa mguuni na mbwa asiye na mwenyewe, naye mbwa alikuwa amekwisha kimbia. Bibi yake alikuwa akitwanga majani ya kumpaka. Mimi nilibaki mbali na mbwa wangu, kama ilivyopasa, maana mtoto alipowaona alizidi kulia. Rafiki yangu ndiye aliyekwenda. Alimwamkia yule bibi kwa heshima, akamwambia, "Mama, majani tutaweka baadaye, kwanza maji." Akambeba mtoto mpaka kwenye bomba, akaomba sabuni dukani, akauosha mguu huku anatazama saa. Dakika kumi na tano. Nawaambieni, dakika kumi na tano ni nyingi sana mtoto akilia na watu wakisema unachelewesha. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba anamtesa mtoto. Hakujibu, akaendelea kuosha.

Zahanati ya kwanza hawakuwa na chanjo. Mahali pa pili ilikuwapo. Sindano zile hupigwa kwa siku zilizopangwa, si mara moja, na bibi alitaka kuacha baada ya ya pili kwa kuwa kidonda kilikuwa kimekauka. Ikabidi tumtafutie nauli na kumkumbusha siku. Akazimaliza zote. Leo mtoto anakwenda shule. Akimwona Simba bado huvuka upande wa pili wa njia, nami simlaumu.

Kila mwanafunzi wa shule hii yapasa ajue habari za kichaa cha mbwa kama ajuavyo jina la baba yake. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye, hata apelekwe hospitali gani. Lakini kabla ya dalili, sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika kumi na tano, kisha chanjo haraka, huokoa. Njia hii ya chanjo si mpya: Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister, wa miaka tisa, tarehe 6 Julai 1885, naye akaishi. Hata hivyo Shirika la Afya la Dunia lakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao wa Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Inasemwa pia kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila mia wa mahali, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Basi huu si ugonjwa wa majaliwa. Unakuja kwa sababu mbwa hawachanjwi. Mbwa wangu huchanjwa kila mwaka, na cheti chao hukaa mfukoni mwangu njiani. Na tangu siku ile rafiki yangu huchukua kipande cha sabuni kilichofungwa katika karatasi.

Haya yote nimeyasema ili nipate kufika shuleni.

Shuleni petu kuna mbwa wawili wa ulinzi. Mchana kutwa wamefungwa mnyororo nyuma ya jiko, usiku hufunguliwa. Wanafunzi huwaogopa, wengine huwatupia mawe kutoka dirishani, na mbwa huyakumbuka mawe. Kiumbe anayefungwa mahali pamoja saa kumi na mbili kila siku hana budi kuwa mkali. Na wanafunzi je? Katika shule nyingi za bweni mwanafunzi huamka saa kumi na moja alfajiri, akaketi darasani hata saa nne usiku, na michezo ni ya wale kumi na mmoja wanaocheza, wengine hupiga makofi. Mimi nawaona hao wote, mbwa na wanafunzi, kuwa wamefungwa mnyororo wa namna moja.

Shauri langu ni hili. Kila Jumamosi ya pili, wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha tano na cha sita watoke na mwalimu mmoja na wanachama wawili wa chama chetu cha wanafunzi wa zamani. Mbwa wa shule wachanjwe kwanza na daktari wa mifugo, na gharama hiyo chama kilipe. Hatushindwi, kwa maana fedha tulizokula katika chakula cha jioni cha mwaka jana zingechanja mbwa wa mtaa mzima. Kisha mlinzi awazoeze kamba kwa mwezi mmoja, ndani ya uwanja, kabla hawajatoka langoni. Asiyependa mbwa atangulie mbele na mwalimu. Ambaye dini yake yamzuia kushika kamba asishike. Jiwe likitupwa hata mara moja, aliyetupa abaki shuleni muhula mzima.

Watakaosema mitihani itaharibika nawajibu kwamba saa mbili na nusu katika wiki mbili haziharibu mtihani. Nimepita darasani usiku nikawaona vijana wanasoma ukurasa ule ule, macho yamefunguka na akili imelala. Watakaosema barabara ni hatari wana haki, nami nakubaliana nao kabisa. Barabara kuu ya kwenda Iganga isiguswe, pamoja na malori yake ya miwa yaendayo Kakira. Zifuatwe njia za kando ya mto, na palipo na magari watu wapange mstari mmoja, mkono wa kulia, wakiyaelekea magari yanayokuja. Ziwani na mtoni wasioge, kwa sababu ya kichocho.

Na watakaosema kutembea ni jambo la maskini, hao sina la kuwajibu, ila wawaulize wanafunzi wa kutwa. Wengine wao hutembea maili nne asubuhi na nne jioni, na sisi hatukuwahi kuwauliza wameona nini njiani. Ningependa mmoja wao awe ndiye kiongozi wa matembezi ya kwanza, maana zile njia za mkato anazijua yeye.

Ombi hili nimelipeleka kwa maandishi kwa wakuu wa shule, nangoja jibu. Wakati huo huo mimi na mwenzangu tunapita mbele ya lango kila Jumamosi, saa moja kasorobo asubuhi. Aliyetoka shule kama sisi haitaji ruhusa ya mtu. Mwanafunzi apatiwaye ruhusa na aje na viatu alivyokwisha kuvizoea, na chupa ya maji. Kama anawapenda mbwa atatembea upande wangu, na kama hawapendi atatembea upande wa rafiki yangu.

Wenu,
Mwanafunzi wa Zamani,
Jinja.